Nani Anafuta Chumba Changu?

Admin, jina langu liondoe kabisa, maana mume wangu naye yumo kwenye page hii na husoma mpaka komenti.

Nina miaka 29, naishi Kasulu, nina mtoto mmoja. Mume wangu ni mwalimu Kibondo, hurudi nyumbani Ijumaa. Kazi yangu mimi iko kwenye laptop: ofisi moja ya Ulaya hunitumia sauti za watu wanaoongea Kirundi, nasikiliza na kuandika kwa Kiswahili. Sisi Waha Kirundi hakitupi shida. Sasa wamekubali nikaishi kule mwaka mmoja, kazi ile ile, jioni nisome. Ila ubalozi hautoi viza ya muda mrefu bila barua ya kuonyesha utalala wapi muda wote huo.

Nikapata chumba kwa mama mmoja mtu mzima, akanitumia barua. Wiki mbili baadaye akaandika: "Nimepokea ombi lako la kufuta, pole kwa safari kuahirishwa." Ombi gani? Nikatafuta chumba kingine, nacho kikafutwa vile vile. Nilipochungulia kwenye imeili zilizofutwa nikayakuta maombi yote mawili, yametoka kwenye imeili yangu mwenyewe!

Imeili hiyo nilifunguliwa steshenari karibu na stendi. Dada wa pale huandika paswedi za wateja kwenye daftari, maana wengi tunasahau. Nikaenda kumvaa mbele za watu. Akalia. "Dada yangu, daftari lile lililoa masika, nikalichoma. Na siku ile tulikuwa watatu hapa, mimi, wewe na mwalimu wako."

Nilikataa kuamini. Mume wangu ndiye aliyenisindikiza kufuata pasipoti, ndiye aliyeomba kanisani niombewe safari. Ila kuna siku alikuwa anasahihisha madaftari, akasema bila kuinua kichwa, "Waliotangulia huko, umemwona nani karudi?" Mimi nikacheka.

Jumanne nikabadilisha paswedi. Sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi.

Jumatano mchana akapiga simu kutoka Kibondo. Hata mtoto hakumuulizia. "Mke wangu, mbona imeili yako inakataa?"

Nikamuuliza anaitakia nini.

"Naangalia kama ubalozi wamejibu. Nipe hiyo mpya, mke hamfichi mumewe."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Jamani, nampenda huyu mwanaume, na naogopa. Chumba cha tatu nimekipata, ubalozi umenipa hadi mwisho wa mwezi, wakikosa barua ndiyo basi. Kesho ni Ijumaa. Nikimpa paswedi, chumba kitafutwa. Nikimnyima, atajua nimeshamshtukia. Nimkabili, au nimdanganye hadi viza itoke? Nisaidieni mawazo, dada zangu na kaka zangu, kichwa kimegoma.

Na wewe, baba wa mtoto wangu, kama umefika hapa umeshajijua. Usikomenti. Njoo uniambie kwa mdomo wako kwamba hutaki niende.