Bamba la Chuma la Mama Domitille

Domitille Mukagasana alikuwa fundi pekee katika kituo kidogo cha wazima-moto kilichokuwa kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya kwenda Munigi. Baba yake alichunga ng'ombe huko Masisi. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza mashini za kusaga mahindi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelala chini ya gari moja lile lile, jekundu, kuukuu, lenye maandishi ya Kijerumani mlangoni ambayo hakuna aliyeyasoma. Wenzake walimwita Mama Tanki, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Tanki la gari hilo lilibeba lita elfu nne. Lakini kila lilipofika Mabanga, ambako nyumba za mbao zimebanana ukuta kwa ukuta, maji yalitoka dakika chache, mpira ukakohoa, ukakauka. Watu wakasema wazima-moto wanauza maji njiani. Mara mbili walikuwa wamelipiga gari mawe, yale mawe meusi ya volkano yenye makali, ambayo huko hayatafutwi mbali. Mara ya pili jiwe lilipita karibu na sikio la dereva, Damien, likavunja kioo cha nyuma yake.

Domitille alijua maji hayauzwi. Garajini alikuwa amekagua tanki mara nyingi bila kuona hata tone. Basi siku moja walipokwenda kujaza maji ziwani, alikodi pikipiki ya motari, dereva wa abiria, akalifuata gari wakati wa kurudi. Kwenye lami hakuona kitu. Lilipoingia njia ya mawe na kuanza kuruka, akaona mstari wa maji nyuma yake, mpana kama mkono. Lilipofika kituoni na kusimama, mstari ukakatika.

Akaenda kwa mkubwa wa kituo, Ézéchiel Nsanzimana.

"Shefu, tanki imepasuka ndani. Gari ikitikisika, ule ufa unafunguka. Nusu ya maji inamwangika mu barabara."

"Nani alikutuma kufuata gari?"

"Hakuna mutu alinituma."

"Basi rudi kwa kazi yenye ulitumwa."

Wiki iliyofuata Nsanzimana alipata bamba moja la chuma, nondo chache na pakiti moja ya vijiti vya kuchomelea, na mashini ya kuchomelea ikaazimwa kwa Jumamosi moja tu. Amri yake ilikuwa fupi: kutengeneza ngao za kukinga kioo cha mbele na milango, ili mawe yasiingie.

"Vijiti haviwezi kutosha kwa kazi mbili," Domitille alisema mbele ya wote. "Tufunge tanki kwanza. Maji ikitoka, hawatatupa tena mawe."

Damien alikuwa ameegemea gurudumu. "Mama Domitille, wanatupa mawe mbele ya kuona maji," alisema. "Na mimi ndiye ninakaa pale mbele. Wewe unabakia hapa na funguo zako."

Domitille alijua kwamba Damien anasema kweli.

Jumamosi hiyo Nsanzimana alikwenda mazishini. Domitille alifungua kifuniko cha juu cha tanki tupu, akajifunga kitambaa chenye maji puani, akaingia. Ndani, kutu ilimwangukia kichwani kama maganda ya karanga. Ufa aliukuta pale ukuta wa kati unapokutana na sakafu, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Alitoka, akalitazama lile bamba kwa muda, kisha akalikata katikati. Alichomelea hadi mchana ukaisha, akitoka kupumua na kuingia tena, macho yakimwaga machozi ya moshi. Kilichobaki hakikutosha kufunika hata nusu ya kioo cha mbele.

Jumatatu Nsanzimana alimwita ofisini, karatasi ikiwa imeshaandikwa.

"Umeiba bamba ya kituo. Sini hapa."

"Andika kama niliiweka mu tanki. Hapo nitasini."

"Unafikiri uko na akili kushinda wote?"

"Hapana, shefu. Ninajua tu tanki."

Hakusaini. Kuanzia siku hiyo wazima-moto walikunywa chai yao bila kumwachia kikombe, na Damien aliondoka mahali popote alipomwona akija.

Siku tisa baadaye, saa nane mchana, jiko la mkaa liliangusha moto Mabanga. Gari lilipowashwa, Nsanzimana alisimama mlangoni. "Leo unaenda nao," alimwambia Domitille. "Ukaone wewe mwenyewe."

Alikaa mbele, kati ya Damien na mlango. Walipokunja kuingia mtaani, umati ulikuwa umeshajaa. Akaona mikono ikiinama chini na kuinuka. Mawe ya kwanza yaligonga bati la mlango. Lililofuata lilipasua kioo cha mbele, na Damien akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Damu ilimtoka jicho la kushoto. Hata hivyo hakuachia usukani. Alilisogeza gari hadi palipofaa, akalifunga breki, ndipo akajifunika uso.

Maji yalitoka. Yalitoka dakika tano, kumi, karibu ishirini. Waliokuwa wakitupa mawe wakaanza kubeba mpira mabegani na kuelekezana wapi uelekezwe. Labda aliyempiga Damien alikuwa miongoni mwao, hakuna aliyejua. Nyumba saba ziliungua. Safu ya nyuma, yenye nyumba zaidi ya ishirini, ilibaki. Hakuna aliyeshukuru. Mama mmoja aliyepoteza kila kitu aliufuata mlango wa gari akiwatukana hadi walipoondoka.

Jicho halikupona. Baada ya wiki mbili Lucie, mke wa Damien, alikuja garajini. Alisimama karibu na gari, akapapasa lile tanki kwa kiganja.

"Ni hapa uliweka ile chuma?"

"Ni ndani, Mama Lucie. Haionekane."

"Ulifunika maji. Uso ya bwana yangu ukauacha wazi."

Domitille aliweka chini ufunguo aliokuwa ameushika. "Ni kweli," alisema.

"Alikuambia."

"Aliniambia."

"Unaona sasa nitafanya nini na hiyo kweli yako?" Lucie akatoka.

Nsanzimana alitaka Domitille afukuzwe. Wakubwa wake, waliokuwa wamesikia kwamba safari hiyo maji yalitosha, walimpa onyo tu, na bamba la pili likaja baada ya miezi mitatu. Domitille alitengeneza ngao za kioo na milango, akaziweka bawaba ili dereva aweze kuzishusha akiwa ndani. Dereva mpya, Chance, alizijaribu, akasema ni nzito.

Damien alirudishwa kazini kama mlinzi wa lango. Kila asubuhi Domitille humsalimia, "Jambo, Papa Damien," naye hufungua lango huku akitazama barabara. Wenzake walishaanza tena kumwachia chai. Damien, hapana.

Mwezi uliopita, gari lilipokuwa likirudi kutoka ziwani na tanki limejaa, Damien alilifungulia, kisha akamwambia Domitille bila kumtazama: "Gurudumu ya nyuma, upande wa kuume, iko na upepo kidogo."

Domitille alichukua kipimo akaenda kuangalia. Upepo ulikuwa umepungua kweli. Alipogeuka kumwambia, Damien alikuwa ameshafunga lango na kumpa mgongo. Domitille akaleta pampu akaanza kazi.