Karatasi ya Paani

Yule mtafiti haongei bila kugeuza uso pembeni. Pumzi ina unyevu, na unyevu huziua zile karatasi za plastiki anazozipaka wino wa zambarau ili zigeuze jua kuwa umeme. Hata nyumbani mumewe humlalamikia, "Mke wangu, mimi si karatasi, nitazame."

Leo mkurugenzi wa maabara yao kawaonyesha wageni karatasi mpya, ikawasha taa, naye akajitapa: "Hii ukiianika juani, wajukuu wataikuta!" Jamani, uongo mchana kweupe! Mtafiti akapanda paani, akashuka na ile aliyoianika mwezi uliopita, imepauka kama nguo kuukuu, akaiunganisha na taa ileile. Taa haikuwaka. Safari hii hakugeuza uso.

"Mzee, hii ndiyo iliyokaa juani. Waambie hao wajukuu wawahi."