Alama Mgongoni mwa Guyo

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka uwanjani amevaa fulana mpya. Kifuani palikuwa na sura ya mheshimiwa anayetaka kura, mgongoni jina la kampuni ya kamari. Nikasikia tena harufu ya vumbi na samli ya alasiri ile ya Garsen, nilipokuwa msichana mdogo.

Mkoloni alikuwa bado yupo. Wazee wetu walikuja kumlalamikia Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba njia ya ng'ombe kwenda mtoni imefungwa. Kabla hawajafungua mdomo, likafika gari la kutangaza sabuni likiimba kwa kipaza sauti, pamoja na mtu wa kamera. Vijana wakagawiwa fulana nyeupe na mpira unaonukia ngozi. Wazee nao wakageuka kutazama.

Mechi ilipoanza, kaka yangu Guyo alikimbia kana kwamba anaelea. Mgongoni mwake ilikuwepo alama nyekundu ya sabuni, nami nikaanza kulia. Kwetu Waorma ng'ombe hupigwa chapa ya moto, na mwenye chapa ndiye mwenye ng'ombe.

Disii alipokwisha kumkabidhi Guyo kikombe cha ushindi mbele ya kamera, nilimuuliza kaka yangu, "Watakuja kukuchukua lini?"

Guyo akacheka. "Acha kulia, Hawa. Hii ni nguo tu."

Gari likaondoka, na Disii pia. Hapo ndipo wazee walipokumbuka walichokuja kusema.

Juzi nilimuuliza mjukuu wangu yeye ni wa nani. "Bibi, hii ni fulana tu," akasema, akicheka vilevile. Nikamwambia aivue niifue. Nilisugua sana, na ile alama haikutoka.