Shati Moja, Watu Watano

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kwangu palikuwa bandarini Nchelenge. Tulikuwa watano: tukishusha samaki kutoka mitumbwini, tukianika chisense, vile visamaki vidogo, tukilala juu ya nyavu kuukuu. Mama yangu alikuwa Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, akilima mihogo na karanga. Nilimtoroka kwa hasira za kijinga, kisha nikaona haya kurudi. Wapita njia walimpelekea habari kwamba nimekuwa mwizi na mvuta bangi. Uongo mtupu, lakini yeye hakuwa na habari zangu nyingine.

Ndipo akaja bwana mmoja wa Lubumbashi na kamera yake. Alitaka kutengeneza filamu kuhusu vijana wa mitaani: sinema ya kweli, isiyo na waigizaji wala poda. Ikiisha, angeionyesha Mantapala. Niliposikia jina hilo moyo uliruka. Mama angeniona.

"Kesho mukuye vile muko kila siku," alituagiza.

Sisi tulisikia kamera tu. Ufukweni kwetu hakuna anayesimama kupigwa picha na magamba ya samaki mwilini. Hata mgonjwa huazimiwa koti kwanza. Tulisuguana migongo ziwani kwa kipande kimoja cha sabuni, tukajipaka mafuta ya kupikia kwa kukosa mengine. Shida ilikuwa nguo. Wote watano tulikuwa na shati moja la maana, jeupe, tulilolichangia kwenye salaula, sokoni kwa mitumba, ili alivae yeyote mwenye shughuli ya heshima: kliniki, kanisani, kwa polisi.

Bwana alipotuona tunang'aa vile alishika kichwa. Akamtuma msaidizi wake alete ndoo ya majivu ya kutupaka.

"Awe!" akakataa msichana aliyekuwa mkubwa wetu kati ya watano, kwa Kibemba. Kisha akamgeuzia Kiswahili, asije akasingizia hakuelewa. "Papa, vumbi tuko nayo kila siku. Hii shimizi ni ya leo tu," akasema akilionyesha shati.

"Lakini batu habataamini," bwana akasema.

"Basi, ubaonyeshe tuko ku kazi."

Mimi na domo langu nikadakia: mama yangu akiniona na majivu, ataamini yote aliyoambiwa. Bwana akamwashiria msaidizi airudishe ndoo, na hatukuiona tena. Tulipatana: atatupiga picha tukiwa kazini, na magamba yetu, kisha kila mmoja aseme lake amevaa atakavyo. Aliyemaliza kusema alikimbilia nyuma ya mitumbwi, akavua shati, akampa mwenzake. Bwana aling'amua kwa mtu wa tatu. Alicheka mpaka machozi, na akaacha kila kitu kama kilivyo.

Mantapala walionyesha filamu mchana, ndani ya kanisa, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Tulikwenda wote watano. Mama alikaa mbele. Mimi nilijibanza mlangoni, tayari kutimua mbio, nimevaa shati letu kwa sababu siku hiyo shughuli ya heshima ilikuwa yangu.

Wa kwanza alipozungumza, walisikiliza. Kwa wa pili watu wakaanza kunong'ona. Kwa wa tatu, ambaye shati lilimfika magotini, mtoto mmoja akapaza sauti: "Ni ileile shimizi!" Kanisa zima likaangua kicheko. Nilipotokea mimi, wa tano, vifungo vimegoma kufungika, walinipigia vigelegele kama bwana harusi. Nilifurahi, sitaficha. Ila mama hakucheka, wala hakupiga makofi.

Vitenge vilipoondolewa, mwanga ukaingia, akageuka na kuniona. Alikuja moja kwa moja. Hakuniuliza habari za wizi wala bangi. Alishika kola, akaipapasa pale iliposhonwa kwa uzi wa nyavu, kisha akawatazama wale wanne waliosimama nyuma yangu, mmoja mmoja.

"Nilikuwa naomba Mungu akupatie hata mutu moja," alisema. "Kumbe alikupatia bane."

Akatuchukua wote hadi kwake, akaniambia nivue shati alifue. Kisha akaingia jikoni kusonga bukari, ugali wa kwetu, wa watu sita.