Kanga Waliomtoa Mume Wangu Nje ya Lango

Mume wangu alikuwa shofere wa kamyo, dereva wa lori, tangu kabla hatujaoana. Alijua kila shimo la barabara kutoka Kolwezi mpaka mpakani Kasumbalesa, na pale Kapolowe alijua mama gani ana samaki wabichi na mama gani anawamwagia maji tu wapate kung'aa. Lakini ndani ya lupangu letu, kiwanja chenye nyumba yetu na bustani yangu, alikuwa mgeni. Alifika jioni, akaoga, akala, akalala, na asubuhi tuliagwa na mvumo wa injini. Siku moja alinijia na sabuni mkononi kuniuliza ndoo inakaa wapi.

Msimu mmoja wa mvua, kamyo ilimteleza kwenye kona yenye matope ikalala ubavu, na shehena yake ya simenti kutoka Kakontwe ikamwagika mtaroni. Mungu alimwokoa roho, ila mguu ulivunjika juu na chini ya goti. Wakamrudisha nyumbani amefungwa plasta nyeupe kutoka pajani hadi kwenye vidole, na magongo mawili ambayo aliyaegemeza ukutani asiyatazame tena.

Nilidhani maumivu ndiyo yatakuwa kazi kubwa, kumbe kazi kubwa ilikuwa yeye mwenyewe. Mtu aliyezoea kuona milima ikimjia kiooni sasa alitazama dari. Wenzake wa msikitini walikuja kumjulia hali baada ya swala ya Ijumaa. Akisikia tu lango linalia, anafumba macho na kujifanya amelala. Mimi nikawa nawaambia kwamba dawa zinamchosha, nao wakaitikia kwa heshima na kuondoka. Daktari alisema atembee kidogo kidogo. Hakutaka. Habari ya kutoka nje ya lango ndiyo hakutaka hata kuisikia.

"Bantu bananijua minye juu ya kamyo," aliniambia. "Sasa banione naruka kama panzi?"

Nilimwacha. Sisi asili yetu ni Kasongo, kule Maniema, na nyanya yangu alikuwa akisema chungu cha moto hakishikwi kwa mikono mitupu.

Mayai yaliletwa na shofere mwenzake. Alipita akitoka Kapolowe, akaacha kikapu cha pumba za mahindi, na ndani ya pumba mayai madogo, magumu, rangi ya udongo, yamechongoka upande mmoja.

"Iko mayayi ya kanga," alisema. "Mupikie. Itamupa nguvu."

Mume wangu aliyatazama akageukia ukuta.

Wakati ule nilikuwa na mtetea mwekundu aliyegoma kutoka kwenye kiota. Mayai yake nilikuwa nimekwisha kuyachukua, naye akaendelea kuatamia majani matupu. Nikamsogezea yale ya kanga chini ya tumbo. Akayavuta kwa mdomo moja moja, akatulia.

"Unaharibu chakula," mume wangu alisema kutoka ndani. Dirisha lake lilitazama uani, na kwa siku nzima hakuwa na kingine cha kufanya ila kutazama. "Kuku hawezi kuzaa kanga."

"Hazai, Baba. Analalia tu."

Akaguna.

Kanga hukawia kuanguliwa kuliko kuku. Mtetea alikonda pale kiotani mpaka nikamwonea huruma, nikawa nampelekea maji mdomoni. Hatimaye wakatoka, vitu vidogo vyenye mistari ya kahawia, na miguu myekundu kama waliokanyaga mafuta ya mawese. Mume wangu aliniita mara tatu asubuhi ile, mara maji, mara mto, mara dirisha lifunguliwe zaidi. Sikumwuliza dirisha lifunguliwe kwa nini.

Kifaranga wa kanga haogopi kitu kama anavyopaswa kuogopa unyevu. Akilowa, amekwenda. Hilo nililijua, lakini asubuhi moja nilitoka kwenda sokoni na mboga zangu jua likiwa kali, nikawaacha na mama yao kwenye nyasi za nyuma. Mchana mbingu ya mji wetu wa Likasi ikabadilika kama inavyobadilika, ghafla, na mvua ikaanguka kwa ndoo. Nilifunga mafungu yangu ya lengalenga nikakimbia huku maji yakinifika vifundoni, nikijua ninachokwenda kukuta.

Kitanda kilikuwa kitupu. Magongo yalikuwa bado ukutani. Alama ya matope ilianzia mlango wa nyuma, pana, kama mtu aliyeburuta gunia, ikaingia jikoni. Nikamkuta ameketi sakafuni kando ya mbabula, jiko letu la makaa, amelowa mpaka plasta imelegea kwenye vidole. Shati lake lilikuwa limefungwa fundo kiunoni, na kifuani, ndani ya shati, kulikuwa na kelele ndogo nyingi. Mtetea alisimama juu ya sinia langu, manyoya yamemganda, akimtazama.

"Ingine imekufa," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Ile yenye ilienda mbali sikuifikia. Mama, leta kitambaa kikavu."

Nilileta. Tukawapangusa mmoja mmoja, yeye akiwashika kwa vidole vyake vinene vya usukani kama anayeshika balbu ya taa. Sikutaja kwamba alikuwa ametambaa. Nilichochea makaa, nikamfulia lile shati, na nilipokuwa nalianika nikajikuta nacheka peke yangu na machozi yananitoka.

Kuanzia siku ile kanga walikuwa wake. Aliniagiza nimletee vijiwe vyeupe vidogo, akavipanga ndani ya sahani ya maji ili vifaranga wanywe bila kuzama. Umeme wa bwawa la Koni ukikatika, na hukatika, taa iliyowapa joto ikizimika yeye ndiye aliyeita kwanza: "Mbabula! Lete mbabula!" Kisha akajua kwamba chakula kinachowanenepesha kuliko unga wowote ni mchwa. Kichuguu kikubwa kiko mwisho wa bustani yetu, nyuma ya migomba. Asubuhi moja nilikuwa napalilia nikasikia nyuma yangu tok, tok, tok. Alikuwa amesimama juu ya magongo yake, uso umejaa jasho, na kopo limening'inia shingoni kwa kamba.

"Nyundo iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha ilipokaa. Alivunja kipande cha kichuguu, akakikung'utia ndani ya kopo, akarudi tok, tok, tok. Kila siku safari ile. Mwanzo alipumzika mara nyingi njiani, akiegemea mpapai. Baadaye akapumzika mara moja, na baadaye akawa anarudi huku akinisimulia mambo bila hata kuangalia anapokanyaga. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Daktari aliupima, akauliza amefanya mazoezi gani mpaka misuli imebaki vile. Mume wangu akamjibu, "Nilikuwa nalisha kanga."

Wakakua. Manyoya ya kahawia yakatoka, wakavaa yale meusi yenye madoa meupe, na vichwa vyao vikawa vipara na pembe juu yake, sura mbaya juu ya nguo nzuri. Na wakaanza kupiga kelele. Dume hupiga sauti moja tu isiyo na kituo. Jike ana neno la silabi mbili, na mume wangu alishikilia kwamba anasema "Kuya! Kuya!" kama tunavyosema hapa tukimwita mtu aje. Alijifunza kumwigiza. Alikuwa anagonga bidoni, dumu tupu la mafuta, kwa gongo, anaita kuya-kuya-kuya, nao wanakuja mbio kutoka pande zote za bustani, wameinamisha shingo kama wanawake waliochelewa misa.

Mfano huo si wangu, ni wa jirani yetu. Yeye ni mjane wa mfanyakazi wa kiwandani, Mkatoliki, anaimba kwaya, na umri wake unamruhusu kuniita mtoto wake.

"Mutoto yangu," aliniambia juu ya ukuta, "ile byuma yenu yenye manyoya inaanza kulia mbele ya kengele ya kanisa. Minye nikisali, nasikia tu kuya, kuya. Nani ananiita? Mungu ao kanga?"

Nilimwomba radhi, nikampelekea mayai. Baadaye akaona kwamba panzi wamepungua hata upande wake, kwa sababu kanga wetu waliruka ukuta wakala na wa kwake, bila kuchimba miche kama kuku wanavyochimba. Hakunisifu, lakini malalamiko yalipungua.

Sasa ile siku yenyewe. Mume wangu alikuwa akitembea vizuri ndani ya lupangu, na gongo moja tu, lakini langoni hakufika. Alikuwa na njia yake: mlango wa nyuma, bustani, kichuguu, kivuli cha mparachichi. Nilikuwa mbele, nauza sabuni na chumvi kwenye kidirisha changu cha barabarani, niliposikia mbawa nyingi kwa pamoja. Sijui kilichowashtua. Kundi zima lilipita juu ya kichwa changu, juu ya ukuta, juu ya barabara, likatua kwenye paa la mabati la nyumba ya mwisho wa mtaa. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka kazini, barabara imejaa. Wengine walikwisha kusimama, wakionyeshana, na niliona mtu mmoja ameokota jiwe.

Nyuma yangu lango likalia.

Alitoka na msuli wake wa nyumbani, kandambili, kopo shingoni, bidoni mkono mmoja na gongo mkono mwingine. Hakunitazama. Nilitaka kumfuata, nikajizuia. Nilijua kwamba nikimshika mkono mbele ya watu nitakuwa nimeharibu kila kitu. Nikabaki kidirishani nimeshika mche wa sabuni. Aliteremka barabarani na ule mguu wake mfupi, akichechemea mbele ya watu waliomjua juu ya kamyo, na watu wakampisha. Alipofika chini ya lile paa akasema, si kwa ukali, "Wacha jiwe, ndugu. Hawa ni wangu."

Kisha akagonga bidoni na kuita. Mbele ya mtaa mzima, mwanamume mwenye mvi, mzazi wa watoto wanaosoma Lubumbashi: kuya-kuya-kuya. Mtu alicheka. Yeye akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Jike mmoja alishuka. Akazunguka miguu yake, akainua kichwa, akaita kama alivyoitwa. Wakashuka wengine, wawili wawili, wakigonga mabati kwa kucha zao, mpaka paa likabaki tupu. Mume wangu akawarushia mchwa kidogo, akageuka, akaanza kurudi. Nao wakajipanga mstari nyuma yake, mmoja mmoja, katikati ya barabara. Pikipiki zilisimama. Dereva wa teksi alizima injini.

Jirani yetu alikuwa amefika langoni kwake na mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mkononi.

"Shofere," akamwita. "Sasa unaendesha kamyo gani?"

"Hii hapa, Mama," mume wangu akajibu bila kupunguza mwendo. "Haina breki, lakini iko na honi nzuri."

Mtaa mzima ulicheka, na safari hii yeye alicheka nao. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu ajali. Alipopita mbele ya kidirisha changu akanitazama kwa mara ya kwanza, jasho likimtiririka, akasema kwa ukali wa uongo, "Mama, usisimame pale na sabuni, fungua lango." Nikalifungua mpaka mwisho wake, pande zote mbili, kama tunavyolifungulia gari la bibi harusi.

Ijumaa iliyofuata aliomba kanzu yake ipigwe pasi. Hakusema anakwenda wapi, nami nikaenda kuwasha pasi.

Bwana wake wa kazi wa zamani alituma mtu, mguu ulipokuwa umezoea ufupi wake, kumwambia kuna kamyo inamngoja. Alifikiri kwa siku kadhaa. Alikwenda kuiona, akaiwasha, akaizungusha uwanjani, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Ni gari nzuri," aliniambia. "Nimemwambia atafute kijana."

"Kwa nini?"

"Kanga banaanza kutaga."

Leo bustani yetu imeongezwa mpaka kwenye kichuguu. Amejenga banda la matofali lenye vijiti vya kulalia, na hukata manyoya ya bawa moja la wale wakorofi ili wasisahau kwao. Watu wenye harusi wanakuja kuagiza mapema. Madume anawauza, majike anawaficha watu wasiwaone. Wanaotaka kufuga huwakalisha chini ya mparachichi na kuwaeleza habari ya unyevu kwa kirefu, na kabla hawajajibu sawasawa hawapi hata yai. Nami namsikiliza nikichambua mboga, nikishangaa mtu huyu alikuwa wapi miaka yote ile.

Wiki iliyopita sokoni, mama mmoja nisiyemjua alinitazama sana wakati nampimia matembele.

"Weye njo bibi ya ule muzee wa kanga?" akauliza, akitaka kujua kama ndiye mimi mkewe.

Zamani nilikuwa nikiitwa bibi ya shofere, na lilikuwa jina zuri, sikulikataa. Nilimwongezea majani mkono mmoja.

"Njo minye," nikamwambia.