Vizibo vya Masikio Siku ya Mzinga

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mama yako ananiangalia vibaya. Na kwa vile Jumatatu unatoka hapa Kiamunyi kwenda jeshi la maji kama mimi baba yako, keti kidogo. Mizigo itangoja.

Nilikuwa kijana mbichi kwenye meli ya kivita, na siku hiyo mzinga mkubwa ungepigwa nikiwepo kwa mara ya kwanza. We! Meli ikitaka kupiga mzinga hupangwa kama nyumba inayohama. Sahani zinaviringishwa kwa blanketi, balbu zinafunguliwa, sufuria zinafungwa kwa kamba. Kisha kila mtu anapewa vizibo vya masikio.

Mimi vyangu nikavitia mfukoni. Wenzangu wa pwani walikuwa wamenicheka wiki nzima, eti mtu wa Nakuru bahari yake ni ziwa la ndege. Nikaona leo nitawanyamazisha. Nikasimama kifua mbele karibu na mzinga, nikatangaza kwamba nimekulia kando ya machimbo ya mawe na baruti nimeizoea tangu nikinyonya.

Mkubwa wetu wa mzinga, Sajenti Barasa, mzee wa Kakamega, akanishika kola.

"Vizibo viko wapi?"

"Sihitaji, afande. Nimezoea kelele."

"Unasema?"

Nikarudia. Akainamisha sikio karibu na mdomo wangu, bado hakupata. Nikarudia kwa kupiga kelele, meli nzima ikageuka kututazama. Ndipo nikaelewa kwamba mzee hasikii.

"Hata mimi nilizoea," akasema. "Sasa kitinda mimba wangu akinisomea kitabu, naona midomo tu. Natingisha kichwa nijifanye nimefurahi. Hiyo ndiyo unataka?"

Aibu ilinishika, na huruma pia. Akavitoa vizibo mfukoni mwangu, akanisokomeza masikioni yeye mwenyewe, kama mama anayemtayarisha mtoto kwenda kanisani.

Mzinga ukalia. Mwanangu! Niliusikia kwa tumbo na kwa meno. Sitaha iliruka, rangi ikabambuka ukutani, vumbi likatumwagikia. Mara mpishi, aliyekuwa amesahau kufunga sufuria yake, akatoka jikoni na sukuma wiki kichwani mpaka mabegani, akimlaani aliyebuni baruti. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Matusi yale Sajenti hakuyasikia, lakini alimwona mpishi, akacheka kutushinda sote.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa nimekaa nje ya wodi ya kina mama, Nakuru mjini, mlango umefungwa. Huko ndani mtoto akalia kilio chembamba kama cha paka. Nikaruka, nikamwambia jirani yangu kwenye benchi, "Huyo ni wangu!" Muuguzi alikuwa bado hajatoka. Ulikuwa wewe.

Basi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakikucheka, waache wacheke; kicheko hakijawahi kumtoboa mtu sikio, mzinga unatoboa. Ushujaa wako utumie kazini, usiupime kwa mwili wako. Na ukikuta kuruta anayejidai kama mimi, usimwaibishe bure. Mtie vizibo masikioni kwa mkono wako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akushike mkono majini, akurudishe kwetu mzima, na siku yako ikifika pale kwenye benchi, wewe pia usikie.