Mama Mkwe Aliijua Njia

Majira yale ya baridi ambapo magharibi ya Sydney ilifungwa kwa sababu ya korona, mama mkwe wangu alianza kufungasha. Kila helikopta ya polisi ilipopita juu ya fleti yetu, aliingia chumbani, akatandika kitenge sakafuni, akaweka sweta, Biblia, kipande cha sabuni na chaja ya simu ambayo hata haikuwa yake, akafunga fundo. Kisha alikaa ukingoni mwa kitanda na mzigo mapajani, amevaa viatu.

"Mama, tunakwenda wapi?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nangoja mume wako aseme," akanijibu.

Tulikuwa tukiishi Parramatta, ghorofani, si mbali na stesheni. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala moja huko St Marys, na kwa kuwa kazi yake ilihesabiwa kuwa ya lazima, aliondoka alfajiri na kurudi alasiri. Mimi nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, lakini mgonjwa wa kwanza alipopatikana zamu yetu nzima ilirudishwa nyumbani tujitenge. Polisi alikuja kuhakikisha tupo ndani, amefuatana na wanajeshi wawili waliovaa magwanda. Walikuwa vijana wapole. Mmoja aliuliza kama tuna chakula cha kutosha. Nilipofunga mlango na kugeuka, mama mkwe hakuwapo sebuleni. Binti yetu alimkuta bafuni, amesimama nyuma ya pazia la kuogea, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Binti alimwambia kwa Kiingereza kwamba wameshaondoka. Bibi yake, ambaye Kiingereza hakijui, alitikisa kichwa: bado.

Alikuwa ameanza kusahau tangu kabla ya korona. Alisahau chai jikoni, alisahau jina la mjukuu wake, kisha akalikumbuka na kulirudia siku nzima. Daktari wake, aliyekuwa akiongea nasi kwa simu tu wakati ule, aliniambia nisimwache ndani. Tuliruhusiwa saa moja ya mazoezi kwa siku. "Mtoe atembee," alisema. Basi muda wangu wa kujitenga ulipokwisha, nikawa namtoa.

Parramatta ni mji wa zamani. Waingereza waliujenga mapema, walipokuwa wakileta wafungwa wao kwa meli, juu ya ardhi ya watu waliokuwa wakivua samaki aina ya mikunga kwenye mto upitao hapo. Katikati ya maghorofa ya vioo bado kuna majengo yao. Mimi niliyapita miaka mingi nikiwahi treni, sikuwahi kuyatazama. Sasa treni zilipita tupu na taa zikiwaka ndani. Maduka yalikuwa yamefungwa, viti vya migahawa vimepinduliwa juu ya meza. Kwenye vivuko, taa za waenda kwa miguu ziliendelea kugonga, tik, tik, tik, kisha zikaharakisha kama ilivyo kawaida yake, na hapakuwa na mtu wa kuvuka ila sisi wawili tuliovaa barakoa.

Mama mkwe hakuyashangaa. Alitembea kama mtu anayejua mitaa inavyokuwa ikitulia hivyo.

Siku ya pili ya matembezi alikataa kutoka mikono mitupu. Aliingia jikoni, akapakua ugali na maharage kwenye bakuli la plastiki, akalifunga kwa kitambaa. Nilidhani anaogopa njaa. Nikamwacha.

Getini mwa bustani kubwa, polisi wawili waliopanda farasi walitusimamisha. Mmoja aliinama kutoka juu na kuuliza tunaishi wapi. Kabla sijajibu, mama mkwe alishusha mtandio kichwani, akainamisha macho, akanyoosha bakuli kwa mikono miwili.

"Tunapeleka chakula, bwana," alisema kwa Kiswahili.

"Anasema nini?" polisi aliniuliza.

"Anakusalimu," nikamjibu. Sikujua niseme nini kingine. Farasi alipuliza pumzi, mvuke ukatoka, nao wakatupisha.

Juu ya kilima kidogo ndani ya bustani ile ipo nyumba ya magavana wa zamani, ya kuta nyeupe, nguzo mlangoni, madirisha marefu. Ilikuwa imefungwa kama vitu vyote. Mama mkwe alisimama mbele yake kwa muda, kisha akanishika mkono na kuongea kwa sauti ya chini, kama tuko kwenye ua wa watu.

"Hili ndilo boma. Residenti anakaa hapa. Baba yangu anakata majani kule nyuma. Tusikanyage."

Alikuwa amezaliwa Burundi, katika mji mdogo wa milimani, enzi za Wabelgiji, ambao mtawala wao aliitwa Residenti. Hayo niliyajua. Nikamwambia, "Mama, hapa ni Australia."

"Ndiyo," alisema. "Misheni iko kule." Akanyoosha kidole upande wa chini, ambako maghorofa yalizuia kila kitu. Nyuma ya maghorofa yale lipo kanisa la zamani lenye minara miwili. "Na makaburi yao huku, yana ukuta." Yapo. Yana ukuta wa matofali. Nilijiambia kwamba alishapita huko tukienda sokoni, ingawa sikukumbuka kumpitisha.

Tulifika makaburini siku iliyofuata, kwa sababu alitaka kupita hapo kwanza. Mawe yamelala yakiegemea huku na huku, maandishi yameliwa na mvua. Alitembea kati yake akisalimia. Si kwa kuomba wala kwa kulia. Alisalimia tu, kama mtu apitaye mbele ya nyumba za majirani. Mahali pamoja alinyamaza, akasikiliza, akajibu, "Hatujambo." Nilimvuta mkono tukatoka. Nilikuwa nimeosha miili ya wazee waliofariki kazini kwangu bila kuogopa, lakini siku ile sikugeuka nyuma mpaka nyumbani.

Mume wangu alicheka nilipomsimulia. "Mama anaota akiwa macho," alisema. Lakini usiku huo huo nilimwona akimtazama mama yake alipokuwa akifunga tena lile bakuli kwa ajili ya kesho.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa na mawingu. Tulifuata mto. Popo wakubwa walining'inia mitini kwa mamia wakilalamika, na harufu yao ilipenya barakoa. Tulipofika penye daraja la mawe nikataka tugeuke, maana saa yetu ilikuwa inaisha. Mama mkwe hakugeuka. Alivuka.

"Mama, huko hatukujui."

"Wewe hukujui," alisema. "Baada ya daraja unafuata maji. Halafu kuna jela ya wanawake."

"Hakuna jela huku, Mama."

Akaongeza mwendo. Alikuwa mbele yangu, mgongo umenyooka kuliko nilivyouona kwa miaka, bakuli kifuani. Hakusita kwenye njia panda hata moja. Tulipita majengo ya hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, mengine madirisha yamezibwa kwa mbao. Kisha njia ikapinda, na mbele yetu ukasimama ukuta mrefu wa mawe, wa rangi ya asali iliyochafuka, na nyuma yake jengo lenye saa juu ya paa.

Palikuwa na kibao. Nilikisoma nikiwa nimemshika mkono. Kilisema kwamba hapo ndipo walipowekwa wanawake wafungwa walioletwa kutoka Uingereza na Ireland, wakafanyishwa kazi ya kusokota na kufuma sufu.

Baadaye nilijieleza jambo lile. Wakoloni walikuwa na ramani moja vichwani: nyumba ya mkubwa juu ya kilima, kanisa mahali pa kuonekana, makaburi yao karibu na kanisa, na jela mbali kidogo, penye maji, wasisikike walio ndani. Aliyekulia katika mji mmoja wa aina hiyo anaweza kuitambua njia katika mji mwingine. Nadhani maelezo hayo ni ya kweli. Lakini pale mbele ya ukuta sikuwa nayo. Nilikuwa na bibi kizee aliyenileta mahali ambapo hakuwahi kufika.

Na kitu kilikuwa kikigonga upande wa ndani. Labda bati, labda ubao uliolegea. Upepo ulikuwa mdogo. Kiligonga, kikanyamaza, kikagonga.

"Nipo," mama mkwe aliitikia.

Alipiga magoti taratibu, akaliweka bakuli chini ya ukuta, akalifungua. Maharage yalikuwa bado na mvuke kidogo. "Dada," aliuambia ukuta, "leo kuna maharage. Chumvi nimeweka." Akasubiri. Kile kitu hakikugonga tena. Tuliganda hapo wawili, mimi nikitazama njia tuliyotoka nayo, tupu, na njia ya mbele, tupu.

"Askari atasema nirudi nacho nyumbani," alisema bila kunigeukia. "Jana alisema. Alisema, binti, rudi na chakula chako, hamna mtu humu. Nikamwambia, jana walikuwepo. Akasema, hamna mtu."

"Nani alikuwa humo, Mama?"

Akaniambia jina. Sitaliandika. Lilikuwa jina la dada yake mkubwa, aliyekuwa mwalimu, aliyechukuliwa na wanajeshi darasani mwaka ule wa mauaji kule Burundi, 1972, wakati maduka yalipofungwa na mji ukanyamaza. Yeye, mdogo mtu, alimpelekea chakula kila siku, mpaka siku ile alipokuta jela imefagiliwa. Alitoka pale na chungu kichwani, akaendelea kutembea, hakurudi nyumbani, mpaka akavuka mpaka wa Tanzania na wengine. Alinisimulia kwa maneno machache, na kwa utulivu, kama anayetaja alichonunua dukani. Kisha alinitazama usoni. "Usimwambie mwanangu. Ni mtoto."

Mwanawe alikuwa na mvi. Na siku zote alituambia kwamba mama yake alizaliwa peke yake.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa amesimama jikoni na sare yake ya ghala, hakukaa mpaka nilipomaliza. Jumamosi alimtoa mama yake mwenyewe. Waliporudi, macho yake yalikuwa mekundu na bakuli halikuwapo. Alisema alimuuliza kila kitu na mama yake alimjibu kila kitu, hata alivyosuka nywele huyo mama mkubwa. Waliendelea kwenda wawili hao kila mwisho wa wiki. Mimi sikurudi kule.

Mji ulipofunguliwa watu wakajaa mitaani, na mama mkwe akaipoteza njia. Alisimama penye kivuko, akazungukazunguka, akaniuliza watu wote hawa wametoka wapi. Boma hakulijua tena. Daraja alikataa kulikanyaga.

Mume wangu alizungumza na mchungaji wa kanisa letu la Warundi na Wakongo huko Merrylands, na Jumapili moja mama mkubwa yule akaombewa, jina lake likatajwa mbele ya watu, mara ya kwanza kwa miaka iliyozidi umri wa mume wangu. Watu walisimama. Akina mama wa Kikongo waliokuwa karibu nasi walilia, maana kila mmoja alikuwa na wake aliyempoteza.

Mama mkwe alinigusa goti. "Anayeombewa ni nani?"

Mume wangu akainama, akamtajia jina. "Dada yako, Mama."

Alifikiri, kwa heshima, kama mtu anayemsaidia mgeni kutafuta nyumba.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mimi sina dada."

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo, naye akaanza kupiga makofi.